Alama Tisini na Sita za Athumani

Ninyi walimu vijana mnaopanda pikipiki kwenda kukagua wanafunzi walioko mafunzoni kazini, kwanza mniambie: huko mnalishwa nini? Msicheke, nauliza kwa dhati. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hiyo nilikula kuku mpaka mke wangu akaacha kuniwekea chakula cha mchana. Kila karakana niliyokwenda, msimamizi alikuwa amekwisha kupata habari kwamba Mwalimu Ntandu yuko njiani, na kuku wa Singida mnawajua. Nilisalimiwa, nikaketishwa, nikaletewa maji ya kunawa. Nilipokuwa namalizia paja la pili, fomu yangu ilikuwa imeshajazwa na kugongwa muhuri. Mwanafunzi mwenyewe nilimwona kwa mbali, amesimama kando ya mashine, ovaroli imepigwa pasi. Nilimpungia mkono, nikafunga mkoba, nikaondoka.

Hiyo ndiyo niliita tathmini.

Niwaeleze jinsi mambo yalivyokuwa. Shule yetu ilikuwa sekondari yenye mchepuo wa ufundi, nje kidogo ya mji wa Singida, na mimi nilifundisha ufundi chuma. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, mashine za kusaga na pampu za maji zilikuwa zinapelekwa huko, lakini watu wa kuziendesha walikuwa wachache mno. Kwa hiyo ukaanzishwa mpango: wanafunzi wa ufundi wa kidato cha tatu waache darasa kwa wiki nane, wagawanywe kwenye karakana, gereji na mashine za kusaga, wajifunze kwa mafundi wenyewe. Mtu mmoja awe anazunguka kuwapima. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akanikabidhi pikipiki ya shule na kusema, "Ntandu, wewe unajua chuma. Nenda."

Fomu niliitunga mimi, na niliipenda kama mtu anavyopenda mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa na maswali kumi. Mwanafunzi anawahi kazini? Ni msafi? Ni mtiifu? Anaheshimu wakubwa? Anashirikiana na wenzake? Na mengine ya namna hiyo, kila moja alama kumi. Chini kabisa niliacha mstari mmoja wa maoni. Niliipiga chapa kwenye stensili, nikazungusha nakala mpaka vidole vikawa vyeusi, nikanunua na tai mpya ya kwenda nayo.

Tai hiyo haikumaliza wiki.

Pale Ihanja, kando ya barabara kuu, kulikuwa na mashine ya kusaga ya kijiji, na fundi wake alikuwa Mzee Rajabu. Shule aliishia darasa la nne, lakini injini za dizeli alizijua tangu ujana wake alipofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na hakuwa na desturi ya kuzima injini kwa sababu mgeni amefika. Niliingia, nikainama kuangalia mkanda mrefu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Nikasikia mtu amenishika kola. Mzee Rajabu alinivuta nyuma, akachukua mkasi wake wa kukatia gasketi, na kabla sijafungua mdomo, tai yangu ilikuwa vipande viwili.

"Mkanda ule haujui kama wewe ni mwalimu," akasema. "Ungeondoka na shingo yako."

Akina mama waliokuwa kwenye foleni na vikapu vya mtama walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Niwaambie ukweli, wajukuu zangu: yule mzee aliniokoa, na nilimchukia. Nilisalimu, nikaweka fomu mezani, nikamwambia aijaze akipata nafasi, nikaondoka bila hata kumtazama mwanafunzi wangu aliyekuwa pale. Kuku wa Ihanja sikumla. Sidhani hata kama aliandaliwa.

Mwanafunzi huyo alikuwa Salome Msengi, binti kutoka upande wa Nduguti, msichana pekee katika darasa langu la ufundi chuma. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, isipokuwa maneno hayo machache karibu yote yalikuwa maswali. Darasani nilishaanza kumwogopa kidogo. Ukisema chuma kikipashwa moto hadi rangi fulani kinakuwa kigumu, yeye angeuliza, "Na kikizidi rangi hiyo, mwalimu?" Nami ilibidi nikasome.

Wiki nane zilipokwisha, nilipanga fomu mezani kama karata. Ya juu kabisa ilikuwa ya Athumani Hango, aliyekuwa kwenye karakana moja kubwa ya mjini, ambayo jina lake nitaliacha. Alama tisini na sita. Kwenye mstari wa maoni msimamizi aliandika: "Kijana wa mfano." Ya chini kabisa ilikuwa ya Salome. Alama arobaini na moja. Mzee Rajabu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa zilizolala upande: "Anauliza sana. Amevunja."

Niliandika ripoti yangu siku mbili. Nikasema mpango umefanikiwa sana. Nikapendekeza mambo mawili. La kwanza, kijiji kimoja kipya ng'ambo ya Mkiwa kilikuwa kimechimbiwa kisima kirefu na kikaomba shule iwapatie kijana wa kuendesha pampu akimaliza masomo, nikampendekeza Athumani. La pili, Salome ahamishwe kutoka ufundi kwenda mchepuo wa kilimo, kwa kuwa mashine hazimfai.

Nilimwita nimweleze. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Mwalimu, Mzee Rajabu aliandika nini?" akauliza.

"Aliandika kwamba umevunja."

"Ni kweli, mwalimu. Nilivunja. Ni hilo tu?"

"Basi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Wiki iliyofuata nilimwona shambani kwa shule na jembe, anapalilia karanga pamoja na wanafunzi wa kilimo. Hakuja kulalamika, hakulia, hakumleta mzazi. Mtu anayekubali kosa lake namna ile, angalau ungemuuliza amevunja nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa bado nafikiria tai.

Aliyekuja kunizindua hakuwa Salome. Alikuwa Athumani.

Nilikuwa peke yangu kwenye karakana ya shule mchana mmoja, nanoa patasi. Akaja akasimama mlangoni, akaingia, akatoka, akaingia tena. Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Mwalimu, wamenitangaza kwenda kwenye pampu."

"Ndiyo. Hongera."

"Mwalimu, alama zile si zangu."

Nikadhani anasema fomu zimechanganyika. Nikamwambia jina lake liko pale, na muhuri uko pale.

"Jina ni langu," akasema. "Lakini kwa wiki nane sikuwahi kushika spana. Asubuhi nilikuwa nafagia. Saa nne naenda kuchukua chai ya mafundi. Mchana naosha magari. Nikisogea kwenye injini naambiwa nitachafua ovaroli na mkaguzi anakuja. Siku uliyokuja ndiyo walinisimamisha pale kwenye mashine ya kutoboa. Hata swichi yake siijui iko wapi."

Patasi ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaiweka chini.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Kila mtu alifurahi, mwalimu. Baba alichinja mbuzi." Alikuwa akitazama miguu yake. "Lakini juzi nilikwenda kukiona kile kijiji. Mama zetu wanatembea tangu alfajiri kufuata maji kwenye mashimo ya mchanga. Wakaniambia, wewe ndiye fundi wetu? Wakanipa kiti. Mwalimu, ile pampu ikisimama, mimi nitafanya nini? Nitaifagilia?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijakutana na tendo la ujasiri lililozidi lile, na limetoka kwa kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Ihanja. Safari hii sikuvaa tai. Mzee Rajabu alikuwa amelala chali chini ya kinu, mkanda umevuliwa, injini inanguruma peke yake, miguu yake tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe spana namba kumi na tisa."

Nikampa. Tukakaa hivyo kama nusu saa, anaomba kitu, nampa. Nikamletea kumi na saba badala ya kumi na tisa mara moja, akairudisha. Alipotoka alilitazama shati langu lililokwisha kuingia mafuta, akasema sasa tunaweza kuongea.

"Nimekuja kuuliza kuhusu Salome," nikasema. "Ulimpa arobaini na moja."

"Mimi sikumpa. Fomu yako ndiyo ilimpa." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Uliuliza, ni msafi? Nikamtazama, mafuta mpaka kwenye nyusi. Nikaandika sifuri. Uliuliza, ni mtiifu? Siku moja napima nafasi ya valvu, injini ikiwa bado ya moto, kama nilivyozoea. Akaniambia, babu, kitabu kinasema ipimwe ikiwa imepoa. Nikamwambia akae kimya. Hakukaa kimya. Basi utiifu, mbili."

"Na nani alikuwa sahihi?"

"Yeye. Lakini hukuuliza hilo."

Nikamuuliza alivunja nini.

"Stadi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Tulikuwa tunafunga kichwa cha injini. Akakaza nati mno, ile boliti ya stadi ikakatika ndani ya bloku. Kipande kimebaki ndani, hukishiki kwa koleo wala kwa kitu. Mimi nikasema tumekwisha, bloku iende Dodoma. Akasema, babu, nipe siku tatu. Akatoboa tundu dogo katikati ya kile kipande kwa mkono, polepole, asiguse nyuzi za skrubu za pembeni. Akachukua chuma kigumu, akakisaga kwa tupa mpaka kikawa na pembe nne, chembamba mbele kinene nyuma. Akakipigilia kwenye tundu. Akadondosha mafuta ya taa, akaacha usiku kucha. Siku ya tatu akakizungusha kidogo kidogo, kipande kikatoka chenyewe. Stadi mpya aliichonga hapa hapa. Injini unayoisikia ndiyo hiyo."

Nikaisikiliza. Ilikuwa inapiga sawasawa, tu, tu, tu, kama moyo wa mtu aliyelala.

"Nilitaka kumwandikia mia," Mzee Rajabu akasema. "Nikatafuta pa kuandika, sikupaona. Uliacha mstari mmoja. Nami kuandika kunanichosha."

Vijana, hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilizunguka wilaya nzima na fomu ya maswali kumi, na hakuna hata moja lililouliza mtoto amefanya kazi gani.

Kurudi kwa mkuu wa shule kulikuwa kugumu. Alikuwa mtu mpole, na ripoti yangu ilikuwa imemfurahisha kupita kiasi.

"Ripoti yako imesomwa mkoani," akaniambia kabla sijaketi. "Wameisifu."

"Ndiyo maana nimekuja, mkuu. Si ya kweli."

Akavua miwani. "Yote?"

"Sijui. Sijui ipi ni kazi na ipi ni kuku."

Hakucheka. Baadaye, miaka mingi baadaye, tulilicheka neno hilo mpaka machozi, lakini siku ile hakucheka. Aliniambia maana yake ni kwamba lazima tuandike barua mkoani kukanusha ripoti yetu wenyewe, na kwamba huenda mpango wote ukafutwa. Nikamwambia najua. Akachukua karatasi, akasema, "Andika wewe. Mimi nitasaini chini yako."

Afisa elimu wa mkoa alituita. Ofisini kwake alikuwa na faili la mpango limefunguliwa, na hakutukaribisha kuketi mara moja.

"Ndugu Mwalimu, unaniambia mpango huu umeshindwa?"

"Hapana, ndugu. Wanafunzi wengine wamejifunza mambo ambayo mimi mwenyewe siyajui. Wengine wamebeba chai. Niliyeshindwa ni mimi, kwa sababu sikuweza kuwatofautisha."

"Na nitajuaje kwamba sasa unaweza?"

Nikamwambia pampu ya kile kijiji inafungwa baada ya wiki sita. Tupewe kazi ya kuifunga, chini ya Mzee Rajabu. Aje aone. Wakishindwa, mpango aufute, na mimi anirudishe kushika chaki tu. Alikubali upesi kuliko nilivyotaka.

Kwa wiki hizo, kundi la pili la wanafunzi likiwa limeshaingia kwenye karakana, nilianza upya. Nilinunua ovaroli. Niliacha kutoa taarifa; nilitokea tu, katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati ambao kazi imechanganya. Nilikaa na kila mwanafunzi siku mbili. Haya ndiyo niliyojifunza, na mnaweza kuyachukua bure. Msiulize kwanza ofisini. Muulize anayefagia, maana yeye anaona kila mtu anafanya nini. Tazama kucha za mwanafunzi. Mwambie akuonyeshe kitu alichokiharibu, na jinsi alivyokirekebisha. Anayesema hajaharibu kitu, ama anaogopa ama hajaigusa kazi. Mwambie afungue kitu mbele yako, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu. Nilijing'ata ulimi mara nyingi. Na kuku, kama lazima, aliwe baada ya kujaza fomu.

Salome nilimfuata shambani kwa shule. Nilijiandaa hotuba, nikaisahau yote nilipomwona. Nikasema, "Salome, nilikukosea. Sikuuliza ulivunja nini."

Akaegemea jembe. "Mzee Rajabu amekwambia?"

"Amenieleza."

"Ile ya valvu pia?"

"Ile ya valvu pia."

Akatazama chini kuficha uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika, na nikaona ni kicheko. Akaniomba amalizie mstari wake wa karanga kwanza. Nikamsubiri mwisho wa shamba.

Siku ya pampu tulifika asubuhi kwa lori la wilaya: Mzee Rajabu, Salome, Athumani na mimi. Athumani niliomba aje ingawa jina lake lilikuwa limeondolewa. Alisema yuko tayari hata kushika taa. Kijiji kizima kilikuwa pale. Wanawake na ndoo, wazee na fimbo zao, ng'ombe wakizuiliwa mbali kidogo, maana nao walikuwa wameshanusa habari. Afisa elimu alikuwa amekaa kwenye kiti pamoja na mwenyekiti wa kijiji, mfugaji mmoja mrefu mwenye koti zito ingawa jua lilikuwa kali.

Mwenyekiti aliniita pembeni. "Ndugu mwalimu, tuliomba fundi. Nasikia mmetuletea binti."

"Ndiye fundi, ndugu mwenyekiti."

"Ng'ombe wangu hawatakunywa maneno," akasema, na kurudi kwenye kiti chake.

Kazi tulikuwa tumeigawa. Salome na Athumani walifunga injini kwenye saruji, wakatoa upepo kwenye njia ya dizeli, wakapima valvu, injini ikiwa imepoa. Mimi, kwa kuwa nilitaka afisa anione na mimi nikifanya kazi, nilisema nitafunga mkanda wa kutoka kwenye injini kwenda kwenye kichwa cha pampu. Mzee Rajabu alinitazama, akaketi juu ya pipa.

Nilifunga mkanda vizuri. Ulikaza sawasawa, puli zilikuwa kwenye mstari, nilijisifu kimoyomoyo. Athumani alizungusha hendeli, injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Watu wakapiga vigelegele. Mkanda ukazunguka, kichwa cha pampu kikazunguka. Tukatazama mdomo wa bomba.

Hakuna kitu. Nikamwambia afisa kwamba kisima ni kirefu, maji yanachukua muda kupanda.

Wakati huo huo nilimwona Salome amepiga magoti kwenye kichwa cha pampu, anafuta grisi kwa kiganja. Kisha akainuka, akapita mbele yangu bila kuniomba ruhusa, akakamata wenzo wa kuzima, akazima injini.

"Nani amemruhusu kuzima?" mwenyekiti akauliza.

Salome alinigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Samahani, mwalimu. Pampu inazunguka kinyume."

Nikainama kuangalia. Chini ya grisi aliyoifuta kulikuwa na mshale umechorwa kwenye chuma chenyewe, unaonyesha upande wa kuzunguka. Mkanda wangu mzuri ulikuwa unaizungusha upande wa pili. Na kosa hilo si dogo. Ndani ya kisima kile kuna vyuma virefu vilivyoungwa kwa nyuzi za skrubu, kimoja kwa kingine, mpaka chini kabisa kwenye maji. Ukivizungusha kinyume vinajifungua. Dakika chache zaidi na vingeachana na kuanguka chini ya kisima, na kijiji kile kingekaa bila maji kwa miezi, pengine kwa miaka, kikisubiri mitambo ya kuvivua. Na aliyefanya hivyo angekuwa mwalimu wa ufundi chuma, mbele ya afisa elimu.

Ningeweza kusema mambo mengi. Nikasema, "Salome yuko sahihi. Nimekosea mimi. Mkanda unatakiwa upishane."

Afisa elimu aliinuka kwenye kiti, akaja, akautazama mshale. Akamtazama Salome. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye yule uliyemhamishia kwenye kilimo?"

"Ndiye, ndugu."

Nikamsogelea Mzee Rajabu pale kwenye pipa. "Mzee, wewe uliliona kosa langu?"

"Nililiona tangu unafunga mkanda."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Nilijiambia, nikifika thelathini naenda kuzima mwenyewe. Amezima nikiwa kumi na tisa." Akatoa kisanduku chake cha ugoro. "Hiyo ndiyo tathmini yangu. Iandike, mimi kuandika kunanichosha."

Salome na Athumani waliufungua mkanda, wakaupishanisha, ukawa kama namba nane iliyolala. Salome alimwonyesha Athumani mahali pa kushika, akamwacha akaze mwenyewe. Injini ikawashwa tena. Bomba likatoa upepo, likapiga kelele kama mtu anayetaka kupiga chafya, likatema tope jekundu, watu wakaruka nyuma. Kisha tope likawa maji ya rangi ya chai, kisha yakawa maji.

Bibi mmoja alisogea peke yake, akaweka mkono, akauacha pale. Hakunywa, hakunawa, alisimama tu mkono ukiwa ndani ya maji. Hapo ndoo zikaanza kugongana na sikusikia tena mtu anasema nini.

Mwenyekiti alisubiri mpaka ng'ombe wake wakanywa kwenye birika, wote, mpaka wa mwisho. Kisha akaja na fimbo yake mpaka mbele ya Salome.

"Fundi," akamwambia, "utakaa kwa nani? Kwangu kuna nyumba."

Salome alirudishwa ufundi, akamaliza kidato cha nne, akarudi pale, akaitunza pampu ile miaka mingi. Aliolewa huko huko, na mumewe ilibidi ajifunze kupika, maana injini haikujua saa ya chakula. Baadaye akawa anapokea wanafunzi wa mafunzo yeye mwenyewe, na nikiwakagua kwake nilikuwa nafika nimesoma kwanza. Mpango haukufutwa. Afisa aliandika kwamba uendelee, na kwamba fomu ya tathmini itungwe na walimu pamoja na mafundi. Mzee Rajabu alikuja kwenye kikao hicho shuleni, akakaa katikati ya watu wenye diploma, akasema sentensi tatu tu siku nzima, na zote tatu tukaziandika.

Kuna walionilaumu. Yule msimamizi wa mjini hakunisalimia tena maisha yake yote. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia nimeiaibisha shule. Ni kweli niliiaibisha. Nilichojaribu ni kuacha kuiaibisha.

Lakini aliyenizindua ni Athumani, na nimalizie na yeye. Baada ya siku ya pampu alikuja akaniomba kitu kimoja. Alitaka likizo yake yote aende Ihanja kwa Mzee Rajabu, bila fomu, bila alama, bila jina lake kuandikwa popote. Baba yake alikuwa amemkasirikia. Alikuwa ameshawatangazia majirani. Nikaenda nikazungumza na mzee huyo, tukaelewana kwa shida, akamwachia.

Wiki ya tano nilipita Ihanja katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Injini ilikuwa imezimwa, imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka. Athumani alikuwa amepiga magoti, kichwa kimeingia ndani, mgongo wote una mafuta. Mzee Rajabu alikuwa ameketi nje kabisa, na wale akina mama wa foleni wanamsimulia habari zao.

"Athumani," nikaita.

"Shikamoo, mwalimu," akajibu bila kutoa kichwa. "Naomba usubiri kidogo. Nikiachia hapa itateleza."

Nikavuta gunia tupu, nikaketi, nikasubiri.